Nimefungua faili halisi la darubini ya Webb nikakuta giza tupu. Zile rangi zimetoka wapi?

Mkono_wa_Retachi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina swali, na naomba anayejibu asiniambie nikasome, maana nimeshasoma hadi macho yanawaka.

Kazi yangu ni kusafisha picha. Mpiga picha anapiga, mimi naletewa. Natoa chunusi, nang'arisha meno, nafuta mawingu naweka machweo. Kuna siku niliombwa nimtoe shemeji mzima kwenye picha ya familia. Nikamtoa, ila mkono wake ulinisumbua kwa sababu ulikuwa begani kwa mtu mwingine. Miaka 11 niko kwenye kazi hii. Kwa hiyo nikiona picha nzuri kupita kiasi siulizi "hiki ni nini", nauliza "nani ameishika?"

Sasa kuna ile picha ya darubini ya James Webb ya ukingo wa Nebula ya Carina, lile wingu la gesi na vumbi angani, ile inayofanana na milima ya kutu chini ya anga la buluu. Ilitolewa tarehe 12 Julai 2022, na tangu wiki ile iko kwenye skrini yangu ya kazini. Naitazama kila asubuhi kabla sijaanza meno ya watu. Juzijuzi nikasikia kwamba data zake asilia ziko wazi kwenye hifadhi iitwayo MAST, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bila kulipa. Nikasema leo ndiyo leo.

Nikatafuta programu namba 2731, nikakuta mafaili sita ya kamera ya NIRCam. Mazito! Niliacha kompyuta inapakua nikaenda kulala. Asubuhi nikafungua la kwanza kwa DS9, ile programu wanayotumia wanaastronomia. Giza. Nikadhani faili limeharibika njiani. La pili, giza. La tatu, giza na vitone vyeupe vichache, kama skrini yenye pikseli zilizokufa.

Nikahangaika na menyu mpaka nikabadilisha kipimo kutoka cha mstari kwenda cha logi. Jamani! Ile milima ikachomoza kutoka gizani, nikajikuta nimesimama. Ila ilikuwa ya kijivu. Yote sita ni ya kijivu, hakuna buluu wala kutu.

Na kuna mawili mengine. Mafaili matatu yana pikseli mara mbili ya wenzake kila upande, kwa hiyo nikiyapandanisha hayakai. Halafu nyota zote kali zina shimo jeusi katikati, kama pete. Kwenye picha iliyochapishwa mashimo hayo hayapo, mtu ameyaziba. Kwetu kuziba shimo kwenye picha ni kazi yenye jina lake na bei yake, sasa nisije nikaambiwa ni sayansi.

Basi: nani aliamua anga liwe buluu? Kuziba mashimo si kuchora? Na kama kilichopigwa ni kijivu, wanasayansi wenyewe wanatazama nini?

Asiyedanganyika

Nilishasema humu mara nyingi mkanicheka. Picha zote hizo zinatengenezwa kwenye kompyuta. Leo fundi wa picha mwenyewe amekuja kutoa ushahidi. Giza ndiyo picha halisi, mengine ni mapambo ya kuombea bajeti. Uzi ufungwe.

Bi_Optiki

Uzi usifungwe, ndiyo kwanza umenoga.

Mleta mada, mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na tangu nistaafu mafaili haya ndiyo bustani yangu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaobishana humu hawajawahi kulifanya: umefungua faili. Nianze na giza, kwa kuwa ndilo lililomfurahisha mwenzetu hapo juu.

Ulichofungua ni jedwali la namba. Kila pikseli ina namba moja inayosema ni mwanga kiasi gani ulifika hapo. Namba ya nyota kali inaweza kuwa kubwa mara maelfu kuliko ya gesi iliyo kando yake. Skrini ya kawaida nayo ina ngazi 256 tu kati ya nyeusi na nyeupe. Ukiiambia igawe ngazi hizo sawasawa kutoka namba ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, nyota chache zinahodhi ngazi zote na nebula nzima inabanwa kwenye ngazi ya kwanza na ya pili. Hilo ndilo giza lako. Nebula ilikuwemo tangu mwanzo. Ulipoweka logi hukuongeza hata chembe ya mwanga, uligawa ngazi upya ili wanyonge nao wapate. Wewe unafanya hivyohivyo kila unapoinua vivuli vya uso wa mteja.

Sasa rangi. Kihisi cha NIRCam hakijui rangi. Hata cha kamera unazoletewa kazi hakijui: kimefunikwa vichujio vidogovidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na kompyuta inakadiria zilizokosekana kwenye kila pikseli kabla wewe hujaiona picha. Kwa hilo sijawahi kusikia mtu akipiga kelele. Webb inaweka kichujio kimoja, inakusanya mwanga, inabadilisha, inakusanya tena. Ndiyo maana una mafaili sita. Soma majina yake: F090W, F187N, F200W, F335M, F444W, F470N. Namba ni urefu wa wimbi katika sehemu za mia za mikromita, kwa hiyo 444 ni mikromita 4.44. Herufi ya mwisho ni upana wa kichujio: W mpana, M wa kati, N mwembamba. Jicho letu linaishia kwenye mikromita 0.7 hivi. Maana yake hakuna hata kimoja kati ya hivyo sita ambacho ungekiona, hata kama ungekuwa umepanda kwenye darubini yenyewe, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa.

Kuuliza rangi halisi ya mwanga huo ni kama kuuliza kama popo anaimba sauti ya kwanza au ya nne. Hasikiki. Ukitaka kumsikia, unamshusha. Na ukimshusha kwa uaminifu unashusha sauti zake zote pamoja, iliyokuwa juu ibaki juu ya mwenzake. Kwa Carina walifanya hivyo: F090W ikapewa buluu, F187N samawati, F200W kijani, F335M chungwa, F444W nyekundu. Fupi kwenda buluu, ndefu kwenda nyekundu.

Nimeiruka F470N makusudi. Kwa foleni hiyo ingepaswa kukaa mwisho kabisa, lakini imepewa njano. Hapo pana mkono wa mtu, sikatai. Kichujio hicho chembamba kinanasa molekuli za hidrojeni, zile zinazong'aa pale nyota changa inapotema gesi kwa kasi. Ungeipa nyekundu, ingezama ndani ya F444W usiione. Walioitengeneza picha, Joseph DePasquale na Alyssa Pagan wa taasisi ya Baltimore inayoendesha shughuli za kisayansi za Webb, wana majina na kazi yao imeelezwa, kichujio kwa kichujio.

Na ile uliyoiita anga, mwanangu, si anga. Ni gesi iliyochomwa na nyota kubwa changa zilizo juu zaidi, nje ya fremu. Kutu ni vumbi na molekuli ambazo bado hazijachomwa. Mpaka kati ya buluu na kutu ndio habari yenyewe: pale ndipo nyota zinapolila wingu lililozizaa.

Nikupe mfano wa zamani unaonisaidia sana nikibishana na watu. Ile picha ya darubini ya Hubble ya nguzo za Nebula ya Tai, iliyopigwa tarehe 1 Aprili 1995. Ilitumia vichujio vitatu vyembamba: cha oksijeni kwenye nanomita 502, cha hidrojeni kwenye 656, na cha salfa kwenye 673. Hii sasa ni mianga ambayo jicho linaiona. Ungeipa "rangi yake halisi", hidrojeni ingekuwa nyekundu na salfa ingekuwa nyekundu, zote mbili, na usingejua ipi inaishia wapi. Kwa hiyo salfa wakaipa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Rangi "ya kweli" ingeficha tofauti ambayo kipimo kilikuwa kimeipata. (Kona nyeusi ya ngazi kwenye picha ile nayo si urembo. Kamera ilikuwa na vihisi vinne, na kimoja kilikuwa kinakuza zaidi ya wenzake, kwa hiyo kikishapunguzwa ili kilingane nao kinaacha pengo.)

Ukubwa kutolingana: NIRCam ina pande mbili, ya mawimbi mafupi hadi mikromita 2.3 na ya marefu kuanzia 2.4. Pikseli ya upande mfupi inatazama nusu ya pembe ya mwenzake. Punguza F090W, F187N na F200W kwa nusu, zitakaa.

Mashimo nimeyaweka mwisho kwa sababu hapo una hoja. Kihisi hakingoji mpaka mwisho ndipo kisomwe, kinasomwa mara nyingi wakati mwanga bado unaingia, na kinachopimwa ni kasi ya kujaa. Chukua ndoo kwenye mvua: ukichungulia kila dakika utajua mvua ni kubwa kiasi gani. Lakini kama ndoo imejaa kabla hujachungulia mara ya kwanza, huna cha kusema. Programu inapofika kwenye pikseli ya namna hiyo haibuni, inaacha wazi. Watengeneza picha wanaziba kwa sababu pete nyeusi kwenye kila nyota zingekukera. Kwa hiyo ndiyo, wameziba. Ila hakuna anayepima nyota kwenye kile kiraka. Anayetaka kupima anarudi kwenye namba, na pale shimo bado ni shimo.

Doa_la_Jua

Mwalimu kamaliza upande wa nebula, mimi niongeze la Jua maana huko ndiko watu wanakodanganyika zaidi na hawajui.

Ukitafuta picha za Jua utakuta la dhahabu, jekundu, la kijani, la zambarau. Nyingi zinatoka kwenye SDO, chombo cha angani cha kulitazama Jua kilichorushwa tarehe 11 Februari 2010. Kamera zake za AIA zinapiga Jua zima kila sekunde 12 hivi kwenye mawimbi kadhaa, pikseli 4096 kwa 4096. Jua la dhahabu ni nanomita 17.1, jekundu ni 30.4, la kijani ni 9.4. Rangi hizi hazina foleni ya fupi na ndefu kama aliyoeleza mwalimu. Ni lebo tu. Zimepangwa ili mtu akiingia chumbani na kuona Jua la dhahabu ukutani ajue papo hapo ni kichujio gani. Jua lenyewe ukiliona nje ya angahewa ni jeupe.

Lakini msikimbilie kusema basi ni mapambo. Kila lebo ni joto. Ile nyekundu inaonyesha heliamu ya nyuzijoto kama 50,000. Dhahabu ni chuma, naam chuma, kilichonyang'anywa elektroni nane, kwenye joto la laki sita hivi. Kijani ni milioni sita. Uso wa Jua unaoonekana una nyuzi 5,500 tu, halafu juu yake, mbali zaidi na moto wenyewe, korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, inafika milioni na zaidi. Kwa nini, bado watu wanagombana. Mionzi hiyo ya urujuanimno ya mbali haifiki ardhini, hewa inaimeza yote. Bila darubini ya angani hakuna anayeiona, si kwa rangi wala bila rangi.

Mimi binafsi picha ninayoipenda haina rangi kabisa. Ni ramani ya ugasumaku inayotoka kwenye kifaa kingine cha chombo hichohicho, HMI. Kijivu chote, na madoa meupe na meusi. Nyeupe ni ugasumaku unaotoka nje kuja kwetu, nyeusi ni unaoingia ndani. Mei 2024 nilikuwa naifungua kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kundi la madoa namba 13664 lilikuwa linavimba siku hadi siku, nyeupe na nyeusi zimesongamana na kukunjana, hakuna mpaka safi kati yao. Mtu aliyezoea ramani hizi akiona vile anajua kuna kitu kitakatika. Upana wa kundi lile ulifika Dunia 15 hivi zikipangwa mstari. Tarehe 10 Mei ikaja dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Wakati watu wanabandika picha za mianga ya waridi angani, mimi nilikuwa nimekodolea kijivu changu.

Mkono_wa_Retachi

Shikamoo mwalimu Bi_Optiki. Na wewe Doa_la_Jua, asante mkuu.

Nimekaa nayo usiku mbili. Nilipunguza yale matatu kwa nusu, yakakaa kama kifuniko na sufuria. Nikavuta kila moja kwa logi, nikaipa rangi kama mwalimu alivyotaja, nikapandanisha kwa njia ya kujumlisha mwanga. Kutu ikatoka! Sikuigusa, imetoka yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta mahali walipopaka, na sikupapata. Yangu ni chafu kuliko yao, ina mistari ya mlalo, na gesi ya juu imekuwa na kijani kama maji ya bwawa. Lakini ni mlima uleule.

Halafu nikafanya ujinga wa makusudi: nikageuza foleni, refu likawa buluu na fupi likawa nyekundu. Kazini napewa rangi za ajabu kila siku, ila ile ilinichafua moyo. Vumbi likawa kama barafu na gesi kama nyama iliyochubuliwa. Na bado, sikilizeni, kingo zote zilikuwa palepale. Hakuna kilima kilichohama. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kazi yangu na yao. Mimi nikimtoa shemeji, shemeji hayupo. Wao wakibadilisha rangi, shemeji amebadilishiwa shati.

Mashimo niliyaacha. Nimeona nikiyaziba nitakuwa nimerudi kazini.

Kilichonifurahisha zaidi ni F470N. Niliifungua peke yake, nikaiweka kando ya F444W, nikawa nawasha na kuzima. Chini kidogo ya ukingo kuna mkwaruzo mdogo, kama mtu amepitisha ukucha, unaoonekana kwa nguvu kwenye moja na kufifia kwenye nyingine. Nyota inayotema. Kwenye picha ya skrini yangu nimeipita kila asubuhi miaka yote hii nikidhani ni kasoro ya skrini.

Sasa swali jipya. Nimeona kwenye picha nyingine za Webb, zile za galaksi nyingi, watu wanazungushia duara vidoti vyekundu na kusema hivi ndivyo vya kale kabisa. Kwa jinsi nilivyofundishwa hapa, wekundu ni uamuzi wa mtu. Inakuwaje basi wekundu useme umri?

Galaksi_Kongwe

Kaka, umeuliza swali ambalo liliwahi kuwaumbua watu wazima. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nashughulika na hivyo vidoti.

Ulimwengu unapotanuka, mwanga ulioko safarini unatanuka nao. Hidrojeni iliyopo kati yetu na galaksi ya kale inafyonza karibu mwanga wake wote ulio mfupi kuliko mikromita 0.1216. Huo ni ukuta: upande mmoja kuna mwanga, upande wa pili kimya. Ukuta huo nao unasogea na kutanuka kwa mwanga. Chukua galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa Mei 2024, ambayo mwanga wake ulianza safari chini ya miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu. Wimbi lake limenyooshwa zaidi ya mara 15, kwa hiyo ukuta uko karibu na mikromita 1.85. Fungua F150W mahali pale: hakuna kitu. F277W: ipo. Haina haja ya rangi. Unachotafuta ni kidoti kinachotoweka ukishuka kichujio, uleule mchezo wako wa kuwasha na kuzima.

Tatizo ni kwamba si kila kinachotoweka kiko mbali. Mwaka 2022, wiki chache baada ya data za kwanza kutoka, ilipatikana galaksi iliyopewa jina CEERS-93316. Kwa vichujio ilionekana imenyooshwa kiasi cha kuwekwa kwenye z (namba ya kunyooshwa kwa mwanga: ikiwa kubwa, galaksi ni ya mbali na ya kale zaidi) ya zaidi ya 16, yaani miaka milioni 240 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Watu walisisimka, wengine wakaanza kusema nadharia za uundwaji wa galaksi zirudishwe karakana. Kisha wakaitazama kwa NIRSpec, kifaa kinachotawanya mwanga kuwa spektra. Kina vilango vidogo kama robo milioni, kila kimoja chembamba kama nywele, unafungua kilicho juu ya galaksi yako na kufunga vingine. Spektra ikatoka: z ni 4.9. Miaka bilioni 1.2 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Bado ni mbali, lakini hakuna wa kuipigia vigelegele.

Ilikuwaje? Ni galaksi yenye vumbi, na oksijeni na hidrojeni yake zinang'aa kwa mistari mikali, yaani mwanga mwingi uliojikusanya kwenye mawimbi machache. Mistari hiyo iliangukia ndani ya vichujio kadhaa kwa mpangilio wa bahati mbaya, ikavipandisha, ikatengeneza umbo linalofanana na ukuta. Namba za kila kichujio zilikuwa sahihi kabisa. Zilikuwa chache tu, sita au saba, na umbo zaidi ya moja linaweza kupita kwenye vitone sita.

Kwa hiyo ukiuliza wanasayansi wanatazama nini, mara nyingi tunatazama mstari wenye vilima. Siku niliyopata spektra yangu ya kwanza nilimwonyesha mama. Akauliza galaksi iko wapi. Nikamwonyesha kilima cha oksijeni. Akanitazama kwa huruma.

Kidokezo kwako uliyezoea picha: ukiona doti lenye miiba minane, ni nyota ya jirani, ya galaksi yetu. Miiba sita inatoka kwenye umbo la vioo vyenye pembe sita, miwili mingine kwenye nguzo zinazoshikilia kioo kidogo cha mbele. Galaksi huwa imetandazika, mwanga wake haujajikusanya kwenye nukta moja, kwa hiyo kwa kawaida haina miiba. Kuna zenye kitovu kikali zinazoiga nyota, ila ni chache.

Asiyedanganyika

Maelezo marefu sana. Swali moja tu kwa mleta mada: hilo faili ni gigabaiti ngapi?

Mkono_wa_Retachi

Mkuu, usichukue yote sita kama mimi. Anza na F444W, chagua lile linaloishia na i2d, yale mengine yanakuchanganya. Ni la upande wa mawimbi marefu, kwa hiyo pikseli zake ni chache. Lianzishe kabla ya kulala.

Asiyedanganyika

Limeshuka. Nimefungua. Ni giza.

Mkono_wa_Retachi

Badilisha kipimo, mkuu. Menyu ya juu, chagua logi.